Kakao ya Wageni

Daktari anayenipima presha ni kijana mwenye adabu. Siku moja alinishauri, kwa ile sauti ya kubembeleza wanayotumia kwa vikongwe, nipunguze chumvi na nijaribu kikombe cha kakao isiyo na sukari. Alinieleza kwamba ndani ya kakao mna vitu vinavyolegeza mishipa ya damu, mna madini ya chuma, na kwamba wataalamu wameanza kuiheshimu upya. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kwamba mimi kakao niliijua kabla baba yake hajazaliwa, na kwamba haitapita kooni mwangu hata akiniwekea dhahabu ndani yake. Akacheka akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Nina ugomvi na kakao, au tuseme nina ugomvi na marehemu mama yangu na kakao ilikuwa katikati, na ugomvi huo una umri mkubwa kuliko huyo daktari. Watu wa kanisani hunishauri niuache. Ni rahisi kumshauri mwenzako aache kitu ambacho hakikukuuma wewe.

Wakati wa vita vya pili vya Wazungu mume wangu alichukuliwa kwenda kupigana Bama, huko Asia, na huko akafia. Watu wa kwao walitaka nirithiwe na shemeji yangu. Mimi nilikuwa nimesoma misheni na nimefunga ndoa ya pete, nikakataa. Walininunia, lakini hawakuning'ang'ania mtoto, maana alikuwa msichana, tena mdogo mno. Nikamfunga mgongoni nikarudi kwa mama yangu, juu kidogo ya Kimilili, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi mlima unakuwa mbele yako wote.

Mama naye alikuwa mjane. Zamani, kabla ya kuokoka, hakuna aliyemfikia kwa kupika pombe ya busaa katika upande wetu ule. Aliuchachusha unga wa mahindi, akaukaanga juu ya bati mpaka ukawa kahawia na harufu yake ikavuka mto, akauchanganya na nafaka ya wimbi iliyomea. Wazee walikuja wakaketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, wakaongea mpaka jua linatua. Nyumba yenye chungu ilikuwa na watu, na mama alipenda watu. Alipenda kuitwa, kusifiwa, kuulizwa maoni yake kuhusu mahari ya binti wa fulani. Kisha akabatizwa. Misheni haikutaka pombe hata ya kuonja, kwa hiyo alikibeba chungu chake mpaka uwanja wa kanisa akakivunja mbele ya kila mtu. Nilikuwa msichana wakati huo, na nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Lakini baada ya hapo ua wetu ulinyamaza. Watu wa chungu hawakuwa tena na sababu ya kuja. Watu wa kanisa walikuja, wakaomba, wakapewa maji, wakaenda zao. Mama alikuwa akiketi mlangoni akitazama njia, na mtu akipita bila kuingia alikuwa anamhesabia hilo kama tusi. Wakati ule sikulitilia maanani.

Binti yangu alipoanza kutembea akapatwa na surua. Ilipita, lakini haikumrudisha alivyokuwa. Alikaa akanywea, akawa mtoto wa kuketi tu ukutani akiota jua. Muuguzi wa hospitali ya misheni pale Lugulu alimgeuzageuza, akamtazama macho na ulimi, akaniambia hana ugonjwa tena, anachokosa ni nguvu. Apewe maziwa kila siku, maharagwe, yai likipatikana. Mama, aliyekuwa amenisindikiza, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, mkaidi wa kukamuliwa. Alinishika mkono pale pale mbele ya muuguzi akasema, "Maziwa ya hii ng'ombe ni ya mtoto. Mimi nitakunywa chai kavu." Nilimwamini. Ningemwamini nani mwingine?

Kulikuwa na habari kwamba Mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi nje ya Kitale anatafuta yaya anayejua kusoma kidogo. Nilikubaliwa. Nikamwachia mama mtoto, nikapanda lori la mahindi, nikaenda kulea mtoto wa mwenzangu.

Huyo mtoto wa Mzungu naye alikuwa ametoka kuugua. Alikuwa mvulana mweupe wa kupauka, mbavu zimemtoka, anakataa kila sahani. Lakini kila alasiri mama yake, ambaye sote tulimwita memsabu, aliingia jikoni mwenyewe kumtengenezea kakao. Hakumwachia mpishi kazi hiyo. Alichota unga kutoka kwenye kopo, akatia sukari, akaupondaponda kwa maziwa baridi kidogo mpaka ukawa uji mzito usio na mabonge, ndipo akamimina maziwa ya moto huku anakoroga. Harufu ya kitu kile iliniingia mpaka tumboni. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mtoto mpaka amalize, kumwondolea utando wa juu ambao hakuupenda, na kumfuta masharubu ya kahawia. Utando niliula mimi.

Akanenepa. Niliona kwa macho yangu mashavu yakirudi, miguu ikikaza, akaanza kukimbiza kuku na kupigwa makofi kwa utundu. Na kila alipokimbia nilimwona binti yangu ameketi ukutani.

Akiwa anakunywa, memsabu alimsomea kitabu cha picha kuhusu kakao ilikotoka. Nilikuwa nashona vifungo huku masikio yako kwake, na Kiingereza changu cha misheni kilinitosha kushika kiini. Kakao ni mti wa nchi za joto za Amerika, na matunda yake yanaota kwenye shina lenyewe, si kwenye vitawi. Watu wa huko zamani walizichachusha mbegu zake, wakazikausha, wakazikaanga, wakazisaga juu ya jiwe kama sisi tunavyosaga wimbi. Unga wake waliuchanganya na maji na pilipili, mara nyingine na unga wa mahindi, wakakimimina kinywaji hicho kutoka juu ili kitoe povu. Kilikuwa kichungu. Kilikuwa kinywaji cha wafalme, makuhani na mashujaa wa vita. Mtu wa kawaida hakukigusa ovyo. Baadaye Wahispania walikichukua wakakipeleka kwao, wakakitia sukari, na matajiri wa Ulaya wakakipenda mno hata wengine wakakiita dawa ya kila kitu, kuanzia tumbo mpaka huzuni. Mholanzi mmoja akabuni namna ya kuikamua mafuta ili ubaki unga mwepesi wa kukorogwa. Na huko Uingereza kulikuwa na Wakristo waliochukia pombe, ambao waliisukuma kakao kwa nguvu zao zote ili wafanyakazi waache vilabu na wanywe kitu cha moto kisicholevya. Hapo memsabu alicheka akamwambia mwanawe kwamba bibi yake mwenyewe alikuwa mmoja wa watu hao.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya watu weusi wa Goldi Kosti, Ghana ya leo, wakiyapasua matunda kwa panga. Mtoto akauliza kama na wao wanakunywa kakao. Memsabu akatazama picha, akasema hajui, akafunga kitabu.

Siku hiyo nilipata ujasiri. Nilimfuata jikoni nikamwomba anikate mshahara, anapokwenda dukani Kitale aninunulie kopo langu.

"Wewe nataka kakao?" aliniuliza kwa kile Kiswahili chao cha shamba. "Ya nini?"

"Mtoto yangu hana nguvu, memsabu."

Alinitazama kidogo. Sikumpenda mama yule, na yeye hakunipenda, lakini nitamtendea haki. Alisema, "Sikia. Hii iko chakula, hapana dawa. Nguvu mingi iko ndani ya maziwa. Kama hapana maziwa, kakao hapana saidia sana. Wewe iko na ng'ombe?"

"Iko, memsabu. Maziwa yake ni ya mtoto peke yake."

Nilisema hivyo nikiwa nimejidai kabisa.

Kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu aliyekuwa akileta ndizi sokoni Kitale, mwanamke mnene mcheshi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wangu. Kila kopo nililifunga kwa kitambaa nikampa, nikamfundisha kama mwalimu: kijiko kimoja, kipondwe kwanza kwa maziwa baridi, mtoto anywe jioni kabla ya kulala. "Na umwambie mtoto," nilimsisitiza, "umwambie hii ni mama yake ameleta. Akinywa ajue ni mimi." Maana hilo ndilo nililolitaka kuliko hata mashavu. Niliondoka bado ananiita kwa vidole, hajaweza kutamka vizuri. Nilitaka kila jioni kinywa chake kipate utamu na sikio lake lisikie kwamba ana mama.

Mama wa ndizi alirudi na majibu mazuri. "Mtoto anakunywa, bana. Mama yako anasema kakao inaingia kwa mwili sawasawa. Ati ulete ingine." Nikaleta nyingine. Nguo zangu zilichakaa, viatu sikununua, lakini kopo halikukosa. Alasiri, mtoto wa Mzungu akinywa chake, mimi nilikuwa nakoroga kingine kichwani mwangu, namnywesha wangu. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Mwaka ulipita na ukazidi. Kisha wenye shamba wakaenda likizo pwani, nami nikaachiwa siku zangu. Sikutuma habari nyumbani. Nilitaka niwafumanie kwa furaha. Nilipanda lori mpaka Kimilili nikashuka na kopo jipya chini ya kwapa, nikaikwea ile njia yetu. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani.

Kabla sijafika uani niliisikia harufu. Ilikuwa kakao, tena yenye maziwa mengi. Mguu wangu wenyewe uliongeza mwendo. Nikajiambia, mama hakusubiri jioni, leo amemwonjesha mchana. Machozi yalikuwa karibu.

Kulikuwa na baiskeli zimeegemezwa uani kote. Ndani, viti vyetu vyote na vya kuazima vilikuwa vimejaa wazee wa kanisa na wake zao, kila mmoja na kikombe mkononi. Mama alikuwa katikati, leso mpya kichwani, birika kubwa limeshikwa kwa mikono miwili, akimimina kutoka juu mpaka povu linainuka. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya siku za chungu. Mzee mmoja alikuwa anamwambia, "Dada, hii yako inazidi hata chai ya padri. Ukinywa unaona nguvu inashuka mpaka kwa goti." Na mama wa ndizi alikuwepo, kwenye kona, midomo yake imepakaa kahawia. Aliponiona, kile kicheko kilimfia mdomoni.

Mama aliniona pia. Birika lilisimama hewani.

Kisha mtoto akatoka upande wa jikoni. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya mahindi makavu. Uso ulikuwa mviringo, nikadhani kwa nukta moja kwamba ni kunenepa, mpaka nikaona miguu: ilikuwa imevimba kwenye vifundo, ngozi inang'aa. Alibeba kikombe kwenye sahani kwa mikono yake miwili, macho hayabanduki kwenye kikombe ili kisimwagike. Alinijia moja kwa moja kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina kikombe. Akakunja goti jinsi alivyofundishwa, akaniinulia.

"Kalibu, mgeni," alisema.

Nilikipokea. Sijui mikono yangu ilijuaje kupokea. Nikachuchumaa nikakirudisha kwake, nikamwambia, "Kunywa wewe. Hii ni yako."

Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama mama yangu, na niliona hofu. "Watoto hatukunywangi," alisema. "Ni ya wageni."

Mzee mmoja alikohoa. Wengine wakatazama ndani ya vikombe vyao. Nilipouliza, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, kama basi mtoto anapewa maziwa matupu, mtoto ndiye aliyenijibu, kwa kuwa yeye hakuona swali hilo kuwa gumu.

"Maziwa ni ya kakao," alisema.

Wageni waliaga upesi upesi. Wengine hawakumaliza vikombe. Mama wa ndizi alinipita mlangoni akiwa ameinamisha uso kama anatafuta kitu alichokiangusha, akasema tu, "Mimi nilitumwa, dada. Si nilikuwa nasema yenye nimeambiwa?" Yeye na kila kikombe alichokunywa! Nilimwacha apite, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imeshapata pa kwenda.

Tulibaki na mama na vile vikombe. Nitaandika maneno yetu kwa Kiswahili, ingawa tulipigana kwa lugha yetu. Nilimuuliza, "Nani alikwambia hii kakao ni ya wazee?"

"Sasa ningemnywesha mtoto kitu ya heshima kama hiyo, na mzee wa kanisa ako mlangoni?" alijibu. Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli. Hapo ndipo niliposhtuka. Sikuwa mbele ya mwizi anayetafuta uongo. Nilikuwa mbele ya mtu aliyeona mambo yako sawa. Kwetu kilicho bora hutolewa kwa mgeni, na mtoto hula kinachobaki. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyonilea. Kopo la kwanza lilipofika, mzee mmoja alikuwa amepita kuomba, nyumba haina hata majani ya chai, akamkorogea kidogo. Mzee akasifu. Akarudi na mwenzake. Wakaanza kupita Jumapili, kisha na Jumatano baada ya maombi, kisha siku yoyote. Kakao inataka maziwa, maana kwa maji haina ladha ya kumpa mtu mzima, kwa hiyo maziwa ya ng'ombe mwekundu yakahama kutoka kikombe cha mtoto yakaingia birikani. Ikipungua aliiongezea unga wa mahindi uliokaangwa, ule ule wa busaa, ili iwe nzito na iwatoshe wote. Hakujua kwamba alikuwa anawapikia karibu kile kile walichokunywa wafalme wa Amerika. Wala hakujua kwamba alimweka mjukuu wake mahali pale pale pa mtu wa kawaida asiyeruhusiwa kukigusa.

"Mwaka mzima," nilimwambia. "Mwaka mzima uliniambia anakunywa."

"Kama ningekwambia ungeacha kuleta."

"Na ulimwambia imetoka wapi?"

Akaanza kukusanya vikombe. "Nilisema imetoka kwa Mungu," alisema mwishoni. "Si vitu zote zinatoka kwake?"

Sikuwahi kumpiga mtu maishani mwangu, na siku ile sikumpiga, lakini najua mkono ulivyo ukiwa tayari. Nilichosema ni kwamba mume wangu alichukuliwa na vita, na vita havikuwahi kuniahidi kitu. Yeye aliniahidi, akanishika mkono mbele ya shahidi. Akaketi chini kwenye kiti cha mgeni, akafunika uso kwa ile leso mpya, akasema maneno ambayo bado nayasikia: "Wewe hujui vile hii nyumba ilikuwa kimya."

Nilijua. Nilikiona kimya hicho kwa macho yangu. Lakini hakikuwa kimya cha mtoto wangu kukilipia.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, mkubwa vile, nikashuka naye mpaka Lugulu. Alikuwa mwepesi, na hakunishika shingo. Alikaa tu kama mzigo wa mtu mwingine. Muuguzi yule yule alibonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo la kidole likabaki pale halirudi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nani alikuwa anakunywa maziwa. Nilipomsimulia, alikaa kitandani kwa mgonjwa akaniambia polepole kwamba kakao si kitu kibaya hata kidogo, ina mafuta, ina madini ya chuma, inachangamsha mwili, na mtoto akiipata juu ya maziwa yake humfaa. Ila huyu wangu ilimchukulia maziwa yake na haikumrudishia chochote. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ukuta wa hospitali. Nililia kwa hasira. Kile nilichojinyima viatu ili nikitume ndicho kilichomla mwanangu, na aliyekigeuza hivyo ni mtu niliyemwamini kuliko wote.

Mtoto alipona. Uvimbe ulishuka, nywele zikarudi nyeusi, lakini alibaki mfupi wa kuchoka upesi, na mpaka leo hapandi mlima bila kusimama. Sikurudi Kitale. Nilipata kazi ya kufua mashuka pale pale hospitali, nikapanga chumba karibu, nikamfundisha polepole kuniita mama. Ilichukua muda mrefu, kwa kuwa jina hilo alikuwa ameshampa bibi yake. Kopo la kakao halikuingia nyumbani kwangu tena. Maziwa aliyapata meupe.

Na mama? Tulisalimiana kanisani kwa mkono. Alileta kuku mara moja, nikampokea. Alipokuwa anaondoka alimtazama mtoto akicheza, akaniambia, akitafuta uso wangu, "Lakini si alipona?" Nilimfungulia mlango. Kama angesema neno jingine lolote siku ile, labda ningelainika. Alisema hilo.

Alifariki miaka ya hamsini ilipokuwa inaelekea ukingoni, wakati wa palizi. Watu waliokuja hawakuenea uani. Wazee wa kanisa, wale wale, sasa wenye mvi, walisimama mmoja mmoja kumsifu. Walisema alikuwa na mkono uliofunguka. Walisema nyumba yake haikumfukuza mtu, na kwamba katika miaka migumu ya vita, wakati sukari ilikuwa shida, kwake ulikunywa kakao kama ya Wazungu. Mmoja alifuta macho. Niliketi mbele na binti yangu, ambaye sasa alikuwa msichana wa shule, goti lake limegusa goti langu, na nilisikia nikisalitiwa mara ya pili, hadharani, kwa nyimbo na maombi.

Baada ya kaburi, mzee mmoja alinijia na kopo jipya. Kanisa lilikuwa limelinunua. "Dada," alisema, "tumeonelea ya kwamba tukunywe kwa ajili yake, vile alikuwa anatupatia. Wewe ndiye unajua kupika."

Watu walikuwa wananitazama. Nikalichukua. Niliingia jikoni kwa mama, nikakuta birika lile lile limening'inia penye msumari wake. Nikaponda unga kwa maziwa baridi bila kuacha bonge hata moja, nikamimina maziwa ya moto, nikakoroga, nikakifanya kitu kile vizuri kuliko mama alivyowahi kukifanya. Nje walikuwa wameshapanga vikombe na kuketi. Binti yangu aliingia na sahani, akanyoosha mikono yote miwili kupokea kikombe cha kwanza apelekee wazee. Hata goti lilikuwa limeanza kujikunja. Mwili wake haukuwa umesahau.

Nilimshika mkono nikatoka naye mpaka uani, mbele ya viti vyote. Nikamketisha kwenye kiti cha mama. Nikamimina kikombe cha kwanza nikakiweka mikononi mwake, nikamwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Hii niliituma mimi, kutoka Kitale, kopo baada ya kopo. Ilikuwa yako. Kunywa."

Wazee walisubiri na vikombe vitupu. Alinitazama, akawatazama, akapuliza mvuke kando, akanywa. Akalamba midomo, akafikiri kidogo, akanywa tena.

"Ni hii tu, mama?" akaniuliza.

"Ni hii tu," nikasema, nikamwongezea.